Leseni za Programu za Kompyuta: Ipi Huria, Ipi Si Huria?

Mwezi wa Desemba mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kwa umma programu ya kazi za ofisi waliyoiita Jambo OpenOffice. Asili ya programu hiyo ilikuwa Ujerumani, katika kampuni iliyonunuliwa mwaka 1999 na kampuni ya Kimarekani ya Sun Microsystems. Wataalamu wetu, wakisaidiana na wenzao wa Uswidi, waliifungua, wakayatoa maneno ya Kiingereza yaliyokuwa katika menyu na maonyo yake, wakaweka Kiswahili mahali pake, kisha wakaigawa kwa ye yote aliyeitaka. Msomaji atauliza: Je, waliomba kibali kwa nani? Hawakuomba kibali kwa mtu ye yote. Walikuwa wamekwisha kupewa kibali hicho tangu mwaka 2000, wao pamoja na watu wengine wote duniani, katika hati ambayo watumiaji wengi wa kompyuta hawaisomi kamwe. Hati hiyo ni leseni.

Siku hizi neno “chanzo huria” limeenea sana. Makampuni hulitumia katika matangazo yao, wizara hulitaja katika sera zao, na wanafunzi hulitamka kana kwamba maana yake ni programu isiyolipiwa. Makala haya yanakusudia kueleza ni jambo gani hasa linaloifanya leseni istahili jina hilo. Tutaona kwamba jambo lenyewe si bei, wala si kuonekana kwa msimbo, na hata nia njema ya mtungaji haitoshi.

Msimbo chanzo na sheria

Hapana budi tuanze na msimbo chanzo. Mtungaji wa programu huandika maagizo yake kwa lugha ambayo binadamu aliyefunzwa anaweza kuisoma, mathalani lugha ya C. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo msimbo chanzo. Lakini mtambo wa kompyuta haufahamu ila mfuatano wa sifuri na moja. Kwa hiyo maandishi hayo hupitishwa katika programu nyingine iitwayo kompaila, nayo huyageuza kuwa lugha ya mashine. Programu nyingi tunazozinunua au kuzipakua kutoka intaneti huja zikiwa zimekwisha kugeuzwa hivyo. Kuzirudisha katika hali ya awali ni kazi ngumu mno, maana majina aliyoyachagua mtungaji, pamoja na maelezo aliyoyaandika kwa faida ya wenzake, huwa yamekwisha kupotea. Aliyepewa ugali ataula na kushiba, lakini hawezi kuurudisha uwe mahindi akapande shambani kwake. Aliyepewa mbegu anaweza kupanda, akachagua zilizo bora, akamgawia na jirani.

Hata hivyo kupewa mbegu si sawa na kuruhusiwa kupanda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama zilivyo sheria za nchi nyingine nyingi, huzihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine yanayolindwa. Maana yake ni kwamba mtu akiandika programu leo, haki ya kuinakili, kuibadilisha na kuigawa ni yake tangu anapoiandika, hata kama hakuisajili wala hakutia alama yo yote. Ukimya wake si ruhusa. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapa: huona msimbo umewekwa hadharani bila leseni yo yote, wakadhani ni mali ya umma. La hasha. Msimbo ulio hadharani bila leseni unafanana na duka lililoachwa wazi; mlango kuwa wazi hakumpi mpita njia haki ya kuchukua bidhaa.

Leseni, basi, ni tamko la mwenye haki kwamba mambo fulani yaliyokatazwa na sheria yeye anayaruhusu. Swali letu lote linahusu ukubwa wa ruhusa hiyo.

Bure na huru

Kiingereza kina neno moja linalobeba maana mbili, “pasipo malipo” na “pasipo utumwa”, na mkanganyiko huo umewasumbua wenye lugha hiyo kwa miaka mingi. Kiswahili kimetuepusha na taabu hiyo, kwa sababu bure ni bure na huru ni huru. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tumeyachanganya tena.

Aliyeanzisha mjadala huu kwa nguvu ni Richard Stallman wa Massachusetts, ambaye mwezi Septemba 1983 alitangaza nia ya kutunga mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1989 ilitolewa leseni ya mradi huo iitwayo GPL. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, hata kwa kuiuza; ila anayeigawa ni lazima awape wapokeaji msimbo chanzo pamoja na haki zile zile alizopewa yeye.

Msomaji atashangaa kuona uuzaji umeruhusiwa. Basi na atazame yaliyompata Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye mwezi Septemba 1991 alitoa toleo la kwanza la Linux. Leseni aliyoiandika mwenyewe ilikuwa na nia njema kabisa: msimbo chanzo utolewe, na mtu ye yote asitoze fedha, hata za gharama ya kuishughulikia. Kijana wa miaka 21 hakutaka kazi yake iwe mtaji wa wachuuzi. Lakini wakati ule intaneti ilikuwa ya wachache, na programu zilisafiri kwa disketi. Watu waliotaka kuwanakilia wenzao Linux walihitaji kununua disketi na kulipa posta, nao hawakuweza kurudishiwa hata gharama hiyo bila kuivunja leseni. Hivyo sharti lililokusudiwa kumzuia mchuuzi lilimzuia pia msambazaji mwema. Mwanzoni mwa mwaka 1992 Torvalds aliiacha leseni yake akachukua GPL. Sina shaka kwamba bila uamuzi huo Linux isingefika ilikofika, yaani katika mitambo inayoendesha sehemu kubwa ya intaneti na ndani ya kila simu ya Android.

Jina lenyewe

Mwezi Januari 1998 kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itatoa hadharani msimbo chanzo wa programu yake ya kusomea kurasa za intaneti. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, watu wachache walikutana Palo Alto, California, kutafuta jina lisilokanganya kama lile la zamani, na Christine Peterson ndiye aliyetoa jina ambalo sisi tunalitafsiri kuwa chanzo huria. (Neno “huria” tulikuwa tumekwisha kulizoea katika “soko huria” na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992; kwa maoni yangu ni tafsiri nzuri kupita jina la asili.) Mwezi huo huo Eric Raymond na Bruce Perens walianzisha shirika lijulikanalo kwa kifupi kama OSI ili lilinde maana ya jina hilo.

Maana ilihitaji kuandikwa. Perens hakuanza na karatasi tupu. Mwaka 1997 alikuwa amesimamia uandishi wa miongozo ya mradi wa Debian, ambao hukusanya programu huru na kuziunganisha na Linux. Sasa akaiondolea jina la Debian, ikawa Fasili ya Chanzo Huria. Ina masharti kumi, ambayo leseni ni lazima iyatimize yote. Mengine ni mepesi kueleweka: igawiwe bila kulipishwa ushuru wa hakimiliki, msimbo chanzo uwepo, tena katika hali ambayo mtungaji mwenyewe angeitumia, si uliofumbwa makusudi, mabadiliko yaruhusiwe, haki zimfuate kila mpokeaji bila kulazimika kutia saini mkataba mpya. Lakini masharti ya tano na ya sita ndiyo moyo wa jambo lenyewe, na ndiyo yanayozozaniwa hata leo. La tano lasema leseni isimbague mtu wala kundi lo lote la watu. La sita lasema isibague kazi yo yote ambayo programu itatumiwa.

Polisi wa makaburu

Sharti la tano linaonekana jepesi mpaka mtu akutane na mfano wake mgumu, nao unatuhusu sisi Waafrika kuliko watu wengine wote.

Kila mhandisi wa elektroniki anaifahamu programu ya SPICE. Mhandisi huipa maelezo ya saketi, yaani rezista ngapi, kapasita ngapi, transista za namna gani na zimeunganishwa vipi, nayo huhesabu mkondo na volteji katika kila sehemu kabla hata waya mmoja haujachomelewa. Ilitungwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Laurence Nagel chini ya usimamizi wa Donald Pederson, ikatangazwa mwaka 1973. Pederson alishikilia kwamba igawiwe kwa wote, akijua kwamba wahandisi watakaoichukua watamrudishia makosa waliyoyagundua na nyongeza walizozibuni.

Berkeley ya miaka ile ilikuwa mahali pa wenye dhamiri kali. Programu iliyoitangulia SPICE iliitwa CANCER, na kirefu cha jina hilo kilisema wazi kwamba haihesabu athari za mnururisho. Hilo lilikuwa fumbo: programu nyingi za aina hiyo wakati huo zilitungwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo ilitaka kujua kama saketi za silaha zitastahimili mnururisho wa kinyuklia. Vijana wa Berkeley walikuwa wakisema kwamba wao hawamo. Basi haishangazi kwamba baadaye, katika enzi za ubaguzi wa rangi, leseni ya SPICE iliyotolewa na chuo hicho ilitia kifungu kinachokataza programu hiyo isitumiwe na polisi wa Afrika Kusini.

Nani miongoni mwetu angelikipinga kifungu hicho? Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule. Umoja wa Mataifa ulikuwa umepiga marufuku kuiuzia Afrika Kusini silaha tangu mwaka 1977. Kompyuta zilizotengenezwa ng'ambo zilikuwa zikitumika kuweka kumbukumbu za vitambulisho ambavyo kwavyo watu weusi walikamatwa barabarani. Mimi nilipokisoma kifungu kile kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi ughaibuni, nilifurahi, nikawaonyesha wenzangu.

Lakini leseni yenye kifungu hicho si ya chanzo huria, na Perens aliitaja waziwazi kuwa mfano wa kile ambacho sharti la tano linakikataa. Imenichukua muda kukubali kwamba alikuwa na haki.

Tarehe 27 Aprili 1994 wananchi wote wa Afrika Kusini walipiga kura, na utawala wa makaburu ukaisha. Kifungu hakikuisha. Polisi waliokuwa sasa chini ya serikali ya Nelson Mandela waliendelea kukatazwa na hati iliyoandikwa kuwapinga wale waliomfunga Mandela. Tena, kila aliyeichukua SPICE akaibadilisha alilazimika kukibeba kifungu hicho katika toleo lake, naye akampa mwingine, na huyo mwingine vivyo hivyo. Sheria ya Bunge hufutwa na Bunge. Leseni iliyokwisha kusambaa katika maelfu ya nakala haina Bunge. Atakayeibadilisha ni mwenye hakimiliki tu, kama bado yupo na kama atakumbuka.

La pili ni kuuliza ni nani aliyezuiwa kwa kweli. Afisa wa polisi aliyekuwa tayari kumtesa mtu mahabusu hangeogopa kuivunja hakimiliki ya chuo cha California. Aliyezuiwa ni mwaminifu: msambazaji aliyetaka kuigawa SPICE pamoja na programu nyingine elfu moja, ambaye sasa angelazimika kuchunguza kila mpokeaji. Na kama SPICE iliwakataza polisi wa nchi fulani, mtungaji wa programu ya pili angeweza kukataza majeshi yote, wa tatu wanaotoa mimba, wa nne wanaopinga utoaji mimba, wa tano wafuasi wa dini asiyoipenda. Programu kubwa ya leo huundwa kwa vipande mamia vya watungaji mbalimbali. Kila kipande kikija na adui wake, hatabaki mtu anayeruhusiwa kukitumia kizima.

Sisemi kwamba dhamiri haina nafasi. Mwaka 2019 Coraline Ada Ehmke wa Marekani alitoa leseni inayowakataza watumiaji kukiuka haki za binadamu, na hoja yake si ya kupuuzwa, kwani mtungaji anayeona kazi yake ikitumika kuwaumiza watu hawezi kuambiwa anyamaze tu. Ana hiari ya kutoa leseni ya namna hiyo. Asichoweza ni kuiita ya chanzo huria, maana jina hilo ni ahadi kwamba mpokeaji hataulizwa yeye ni nani wala anakwenda kufanya nini. Silaha iliyofaa dhidi ya makaburu ilikuwa vikwazo vya mataifa, ambavyo viliwekwa na kuondolewa na watu wanaojulikana, kwa siku inayojulikana.

Kuna na kichekesho cha jambo hili. Mwaka 2002 Mmarekani Douglas Crockford alitia katika leseni yake sharti kwamba programu itumiwe kwa wema, isitumiwe kwa uovu. Wengi waliliona kama mzaha. Lakini wanasheria hawana mzaha: uovu ni nini, na nani ataupima? Crockford mwenyewe amesimulia kwamba wanasheria wa kampuni moja kubwa walimwandikia kuomba ruhusa ya maandishi, kwa kuwa hawakuweza kuwadhamini wateja wao wote, naye akawapa idhini ya kuitumia kwa uovu. Debian haiikubali leseni hiyo katika mkusanyiko wake hadi leo.

Kwa elimu tu

Sharti la sita nalo nililijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili atumie programu ya kukadiria mtiririko wa maji katika mifereji ya umwagiliaji, iliyotungwa katika chuo kimoja cha ng'ambo. Msimbo wake wote ulikuwa wazi, wala hatukulipa hata senti moja. Leseni ilisema ni kwa elimu na utafiti tu. Sisi si tulikuwa katika elimu na utafiti? Kijana alifanya kazi miaka miwili, akarekebisha hesabu za uvujaji ili zilingane na mifereji ya udongo ya kwetu. Alipohitimu aliajiriwa na chama cha wakulima kinachowatoza wanachama ada ndogo ya maji. Je, hiyo ni elimu? Ni biashara? Tuliwaandikia watungaji. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na ofisi ya sheria, nayo ilitaja malipo yaliyozidi mapato ya chama kile kwa mwaka mzima. Kijana alianza upya kwa programu nyingine, na marekebisho yake hadi sasa yamo katika tasnifu iliyo rafuni. Leseni ile niliisoma hadi mwisho baada ya kupata barua ya wanasheria, wala si kabla.

Kinyume chake ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, pale nchi hiyo ilipokuwa ikijenga upya huduma za afya baada ya ubaguzi kuanguka. Leo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na hutolewa kwa leseni ya BSD, ambayo ni fupi kiasi cha kuenea ukurasa mmoja. Mtaalamu wa Dar es Salaam anayeurekebisha haulizwi kama analipwa mshahara na serikali, na shirika la wafadhili, au na kampuni yake mwenyewe.

Sharti si ubaguzi

Mwanafunzi makini atahoji: GPL nayo si inaweka masharti? Inamlazimisha anayegawa programu kutoa msimbo chanzo wake. Mbona hiyo yaitwa huria?

Ni swali zuri. Leseni za chanzo huria zina jamaa mbili. Za jamaa ya kwanza, kama BSD, MIT na Apache, hudai kidogo mno, hasa kwamba jina la mtungaji lisifutwe. Mtu anaweza hata kuifungia programu hiyo ndani ya bidhaa yake ya siri. Za jamaa ya pili, kama GPL, hudai kwamba uhuru uliopewa usiwanyime wengine. Lakini sharti la GPL linamkabili kila mtu kwa uso ule ule: tajiri na maskini, askari na mwalimu. Halimtazami mtu. Lenyewe linahusu kitendo kimoja tu, cha kuigawa programu hiyo, na huishia kwenye programu hiyo na yale yaliyoungwa nayo kuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo makampuni kadhaa yalipovuka mpaka. Mwezi Oktoba 2018 kampuni ya MongoDB, yenye programu mashuhuri ya hifadhidata, ilitoa leseni mpya iitwayo SSPL. Kwa juu inafanana na GPL. Lakini inasema kwamba mwenye kuwauzia watu huduma ya hifadhidata hiyo ni lazima atoe msimbo chanzo wa kila programu anayoitumia kuiendesha huduma yake, hata zile za kutunza nakala na kusimamia mitambo. Shabaha yake ilikuwa makampuni makubwa yanayokodisha kompyuta kwa intaneti, ambayo yalikuwa yakivuna fedha kwa kazi ya wengine. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, sikatai. Lakini sharti ambalo limetungwa makusudi ili kazi ya namna moja isifanyike ni kubagua kazi. MongoDB iliiondoa leseni hiyo mbele ya OSI mwaka 2019 kabla ya kukubaliwa, na mwezi Januari 2021 OSI ilitangaza kwamba si ya chanzo huria.

Kampuni ya HashiCorp ilifuata njia kama hiyo mwezi Agosti 2023, ilipoibadilisha leseni ya programu yake ya Terraform na kuwakataza washindani wake kuitumia. Yaliyofuata yanaonyesha leseni huria ya kweli ina nguvu gani. Matoleo ya Terraform yaliyokwisha kutolewa kwa leseni ya Mozilla hayakuweza kunyang'anywa. Watumiaji walilichukua toleo la mwisho lililo huria, wakalipa jina la OpenTofu, na mwezi Septemba mwaka huo huo likawa chini ya ulinzi wa shirika la Linux Foundation. Hawakuomba kibali, kama wale wa Dar es Salaam mwaka 2004.

Mabishano sasa yamehamia katika akili unde. Mwezi Julai 2023 kampuni ya Meta ilitoa modeli ya lugha iitwayo Llama 2, ikaitangaza kuwa ya chanzo huria. Leseni yake ilimtaka mwenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi aombe kibali maalumu, na ilikuwa na orodha ndefu ya matumizi yaliyokatazwa. Wapo waliosema, “Ni nani kwetu atakayekuwa na watumiaji milioni 700?” Hoja hiyo hainiridhishi. Msomaji aliyefuatana nami mpaka hapa ataona kwamba leseni hiyo inamtazama mtu, na inaitazama kazi. OSI ilisema hivyo pia.

Namna ya kutambua

Walimu wanaotaka kulifanyia jambo hili zoezi darasani wanaweza kuanza na programu zilizomo katika maabara yao. Programu nyingi za chanzo huria huwa na faili iitwayo LICENSE au COPYING. Wanafunzi waisome, kisha waulize: Je, yuko mtu aliyetajwa kuwa hastahili? Iko kazi iliyokatazwa? Mwanafunzi akimnakilia ndugu yake na kumtoza shilingi mia tano, amevunja sharti? Akiibadilisha na kuigawa, lazima aombe? Aidha OSI huweka orodha ya leseni ilizozikubali, na jina la leseni likiwamo humo, kazi imekwisha. Maneno yaliyo kwenye tangazo la kampuni yasihesabiwe kuwa ushahidi.

Kwa maabara za fizikia ningependekeza kuanza na ngspice. Hiyo ni mjukuu wa ile SPICE ya Berkeley, na leseni yake kuu leo ni BSD. Kifungu cha polisi wa Afrika Kusini hakimo tena. Inafanya kazi katika kompyuta za kawaida, hata kuukuu. Mwalimu anaweza kuiweka katika kompyuta zote za shule, akainakili katika diski mweko za wanafunzi wa kidato cha tano, nao wakaanza na saketi ya betri moja na rezista mbili, wakilinganisha volteji waliyoihesabu kwa mkono na ile itakayotolewa na programu.